Kiti cha Pembeni

12 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kitako, na huna mtu wa kukuchungulia begani. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika, lakini umekuwa ukilalamika tangu nije huku na bado tunakwenda kazini pamoja kila siku.

Nisalimie mama. Mguu wake vipi siku hizi? Mwambie ile dawa ya kuchua nitaituma tena akipatikana mtu wa kuja huko. Msalimie wifi yako, mwambie barua yake nitaijibu Jumapili. Wanangu wape salamu zangu mmoja mmoja, wasigombanie. Ndugu yetu Jenerali nimeshaongea naye kwenye simu, na ndiyo maana naandika. Kwenye simu ya mama mtu hawezi kusema kitu. Anashika mmoja, ukoo mzima unasikiliza, na mwisho wa yote naulizwa kama nimekula.

Kazi ni ile ile. Magari yaliyopata ajali yanavutwa mpaka yadini, sisi tunayapokea. Yanayofaa kunyooshwa yanapangwa upande wa geti. Yasiyofaa yanapelekwa nyuma, na huko ndiko niliko mimi na mtungi wa gesi, nakata chuma kuanzia asubuhi mpaka macho yaone nyota. Ukinusa shati langu utadhani nimeungua. Mwenzangu tunamwita Mzee Cheche, kwa sababu hana nguo hata moja isiyo na tundu la moto.

Sasa tuje kwenye yaliyonishikisha kalamu.

Kwanza ni lori langu la huko nyumbani. Jenerali anasema lina ugonjwa wa umeme. Mchana kutwa linabeba mchanga bila tatizo. Jioni akishaliegesha halitaki kuwaka, hasa Jumamosi. Asubuhi fundi akija, linawaka kama si lenyewe. Mimi naishi na magari, mdogo wangu, huo ugonjwa naujua. Ni waya wa betri. Ukipata joto unalegea, ukipoa unashika. Mwambieni fundi aukaze. Lori lile nimelitolea jasho, sitaki life kwa waya.

Pili ni wewe. Mama ameniambia unataka ufunguo ukae kwako, uwe ndiye dereva. Nilicheka mpaka Mzee Cheche akazima moto kuniuliza kuna nini. Leseni unayo, hongera, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini lori la mchanga si lile boza la maji unaloliosha hapo kazini kwako. Mpishe kaka yako afanye kazi. Mwanamume ukimnyang'anya usukani unamwachia nini?

Ni mimi kaka yako, mwenye mgongo.


9 Februari

Kaka,

Barua yako nimeipata na nimeisoma nikiwa kitako, kama ulivyoagiza. Sote hatujambo. Mguu wa mama ni ule ule. Anatembea akishika ukuta na anatugombeza tukimtazama. Wifi anauliza ni Jumapili ya mwaka gani. Mwanao wa kiume ameng'oka meno ya mbele, sasa kila akisema anapiga mluzi bila kutaka. Binti yako amekuwa rafiki wa lori. Baba yake mdogo, Jenerali, akipita kumchukua shuleni, anakimbilia kiti cha pembeni na kupiga honi mtaa mzima ujue amerudi.

Waya wa betri umekazwa. Fundi aliukaza mpaka jasho likamtoka. Jumamosi jioni lori halikuwaka.

Kuhusu boza, kaka, siku hizi siliosha, naliendesha. Nililiosha mwaka mzima kabla yule dereva wetu wa zamani wa hapa kazini hajanikalisha kwenye usukani na kuniambia, "Haya, umelisugua vya kutosha, sasa liamrishe." Na lori letu pia nimeshalipeleka kazini. Kuna asubuhi Jenerali hakuamka, na wajenzi walikuwa wanasubiri mchanga, nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Msimamizi wao akatoka na kofia yake ya plastiki, akalizunguka lori lote.

"Mama, dereva yuko wapi?"

"Unamtazama."

"Namtazama mama. Nimemuuliza dereva."

Geti lao ni jembamba, limechubuliwa pande zote mbili na hao anaowaita madereva. Nikaingia kinyumenyume bila kuligusa, nikamwaga mchanga pale pale alipokuwa amesimama, ikabidi aruke. Akajipangusa, akaniuliza kama kesho nakuja mimi au anakuja tena yule anayeligonga geti. Nikamwambia hilo anajua kaka yangu mkubwa. Kwa hiyo nakuuliza, kwa niaba yake.

Mguu wa mama umeniuliza, na waya wa betri umeniandikia. Jenerali hukuniuliza. Basi nami sina la kukuandikia juu yake. Ila kadi ya lori ina jina lako, na yeye kila siku ananiambia sina amri. Niandikie neno moja tu, kwamba ufunguo ukae kwangu.

Mdogo wako.


20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote kwa mpangilio ule ule, mama wa kwanza. Mwambie mwanangu anifundishe huo mluzi nikirudi. Mimi mzima. Tumepewa glavu mpya, za mkono wa kushoto zote. Bosi anasema tushukuru.

Ugonjwa wa lori nimeufikiria sana. Kama waya umekazwa na bado halitaki, basi ni starta. Nimeng'oa nzuri kutoka kwenye lori lililoletwa hapa juzi, mwenyewe hatalihitaji tena. Nimempa dereva wa mizigo anayekuja huko. Fundi aifunge.

Sasa sikiliza. Nimekuelewa na jibu langu ni hapana. Usinifanye mtu asiyejua magari na wanaoyaendesha. Upande wa geti tuna safu nzima tunaiita safu ya kina mama. Taa imepasuka, bampa limejikunja, mlango umekwaruzwa na nguzo. Kila likiingia moja, Mzee Cheche anavua kofia, anainama dirishani: "Karibu mama. Pole. Hiyo nguzo ilikurukia kutoka wapi?" Tunacheka, siku inasonga. Unataka siku moja wenzangu wa huko wavue kofia kwa lori langu?

Jenerali anakunywa kidogo, kama wanaume wote. Ana mikono ya baba. Na usinichokonoe na habari za baba, kwa sababu naziona zilivyokaa kati ya mistari yako. Baba alikuwa dereva kuliko madereva wote niliowaona. Siku aliyokufa, breki zilikatika. Breki hazimuulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke.

Osha boza lako, mdogo wangu. Usinikasirikie.

Kaka yako.


2 Mei

Kaka,

Sote wazima. Mguu wa mama ni ule ule. Starta imefika, fundi ameifunga. Jumamosi jioni lori halikuwaka.

Umeniandikia safu ya getini inaitwaje. Ile ya nyuma, unakokata wewe, mnaiita safu ya nani?

Mdogo wako.


16 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana hata mtu akiwa na jambo kifuani salamu hazina kosa. Msalimie mama. Wasalimie wote.

Nimechelewa. Barua yako ilikuwa fupi nikadhani nitaijibu upesi. Nimetembea nayo mfukoni mpaka imelowa mafuta, na maandishi yako yamehamia kwenye kitambaa.

Safu ya nyuma haina jina. Nilimuuliza Mzee Cheche, "Kule nyuma tunaita safu ya nani?" Akasema, "Nyuma." Nikamwambia ile ya getini mbona ina jina. Akapuliza chai yake muda mrefu, na ilikuwa imeshapoa. "Tukiipa jina," akasema, "nani atakwenda kukata?"

Basi nikaanza kutazama. Miaka yote nakata bila kutazama. Unatafuta pa kuanzia, unashusha miwani, unawasha. Sasa nikawa natazama kwanza. Kiti cha dereva kimerudishwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu. Kiatu cha kiume kimebanwa chini ya pedeli. Na chupa. Mdogo wangu, gari zima limesagika, injini imeingia ndani, na chupa iko chini ya kiti haina hata ufa. Sisemi wote. Yupo aliyesinzia kwa uchovu, yupo aliyegongwa akiwa amesimama na haki yake. Kuna gari moja la mwanamke, naye alikuwa na chupa yake, sitamficha. Lakini gari baada ya gari, ni sisi. Wanaume. Wale kina mama wa getini walikwaruza nguzo, wakashuka, wakaona aibu, wakarudi nyumbani. Sisi nguzo hatuna habari nazo. Sisi tunayapita magari kwenye kona, tunacheka, na redio iko juu.

Wanawake wapo kule nyuma pia, usidhani hawapo. Ila ukiangalia mkoba umeangukia wapi, na kandambili imebaki wapi, mara nyingi ni kiti cha pembeni.

Halafu kuna ndugu. Huja kuchukua vilivyobaki, na mimi ndiye ninayewafungulia mlango kwa mtaimbo. Juzi alikuja mzee mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni, utadhani alisikia habari akiwa kazini na hakukumbuka kuivua. Gari lilikuwa la mwanawe.

Akaniuliza, "Ni breki, sivyo?"

Breki nilikuwa nimezishika kwa mikono yangu asubuhi ile. Nzima. Mpya kabisa. Na ndani ya gari kulikuwa kunanuka baa.

Nikamwambia, "Ndiyo mzee. Breki."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaondoka na viatu vya mwanawe. Mzee Cheche akasema, "Hapa kila siku ni breki. Watengeneza breki wanaonewa sana." Siku hiyo hakucheka mtu.

Nilikaa juu ya tairi. Nikaona yule mzee ni mimi. Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikashukuru, na juzi nikakuandikia wewe. Mdogo wangu, breki hazikukatika. Baba alikuwa amelewa. Nilimpenda na alikuwa amelewa. Nimeliandika na mkono haujakatika.

Kisha nikamfikiria binti yangu na honi yake, na mahali anapokaa.

Kwa hiyo neno ulilotaka hili hapa. Msomee Jenerali mbele ya mama, usiruke kitu. Ufunguo wa lori ukae kwa mdogo wetu. Yeye ndiye dereva. Jenerali, ndugu yangu, sikukatai wewe, nakutaka mzima. Sitaki siku moja kijana nisiyemjua, kwenye yadi nisiyoijua, amwambie mama ni breki.

Kaka yenu.

Kuhusu ule umeme, kama si waya wala starta, sasa nadhani ni swichi ya ufunguo. Nitatafuta.


30 Julai

Kaka,

Leo naanza na mguu wa mama, na leo nina la kukuambia.

Nilisoma barua yako kama ulivyoagiza, bila kuruka. Mama alikuwa kwenye kochi, wifi amesimama mlangoni na upawa mkononi, Jenerali ameegemea friji. Nilipofika pale pa kiti cha pembeni mama akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Nilimwambia baba yenu nishushe, nitatembea. Akaniambia panda, unanitia aibu mbele za watu. Nikapanda." Halafu akavuta gauni mpaka juu ya goti. Kaka, tumeishi nyumba moja naye miaka yote na hatukuwahi kuuona ule mguu. Wifi aliweka upawa chini, akaenda kumfunika. Hakuna aliyetaja breki.

Jenerali alitoka bila kufunga mlango. Hakulala nyumbani, wala siku ya pili. Tuliuliza baa zote, hayumo. Nilikuwa nimeshaanza kujilaumu kwa kusoma kila neno. Kisha asubuhi moja nakunywa chai, akaingia amenyoa ndevu, macho mekundu, lakini si ya pombe. Akaweka ufunguo karibu na kikombe changu.

"Dereva," akasema, "ukimaliza kunywa, kuna mchanga."

Sikuweza kumaliza.

Sasa nami kuna jambo sikukuandikia. Lori letu halijawahi kuugua, kaka. Ni mimi. Unajua ule mlango wa dereva haufungiki kwa ufunguo. Kila nilipoliona limeegeshwa nje ya baa, niliingia, nikachomoa fyuzi ya starta, nikaifunga kwenye pindo la kitambaa changu cha kichwa, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi niliirudisha kabla fundi hajafika. Ulipoagiza waya ukazwe, waya ulikuwa mzima. Starta uliyotuma ni nzuri sana, ila ile ya zamani nayo ni nzima, iko chini ya kitanda cha mama. Na swichi usitume, nakuomba. Yule fundi amekonda. Ameanza kumwambia mkewe kwamba kazi hii haiwezi.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ungemwambia Jenerali. Wanaume mnaambiana.

Yeye nilimwambia siku ile ile ya ufunguo, tukiwa njiani na mchanga. Tulipovuka daraja akanigeukia.

"Hata siku ile tulipolisukuma mpaka njia panda?"

"Hata siku ile."

"Mimi na wenzangu wote wa baa?"

"Wote."

"Dada, tuliliombea! Tuliweka mikono juu ya boneti, tukafumba macho, tukaliombea lori lipone!"

Mama alipohadithiwa alicheka mpaka akaushika mguu wake mwenyewe, mbele yetu, bila kuuficha.

Boza nimeliaga. Dereva wetu wa zamani alinipa kitambaa chake cha kufutia vioo, akasema hana kingine cha kunipa na asingempa mtu mwingine. Jenerali sasa anasimamia upakiaji, na kwa kusema maneno makubwa hana mpinzani. Juzi kibarua mmoja wa kule saiti alianza kucheka mwanamke anashuka kwenye tipa. Jenerali akamshika bega, akampeleka mpaka getini: "Hebu niambie, tangu huyu aanze kuja, geti lenu lina alama mpya hata moja? Pita na kidole. Haya, pitisha." Na kaka, zile alama za zamani nyingi ni zake yeye.

Bado anakunywa. Sitakudanganya. Lakini anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na akizidisha ananitumia mtu, namfuata. Anakaa pembeni na kuimba vibaya mpaka nyumbani.

Mdogo wako, dereva.


21 Septemba

Dereva wangu,

Nakusalimu wewe kwanza leo, mama atanisamehe. Halafu yeye, na mguu wake, ambao sasa nauulizia nikijua ninachouliza. Wifi yako mwambie nimemwandikia barua yake peke yake, iko humu humu, na asikupe uisome.

Barua yako nilimsomea Mzee Cheche wakati wa chai. Tangu siku hiyo mtungi wa gesi ukikataa kuwaka anavua kofia na kuniambia, "Uwekee mikono." Habari zako zimeenea. Mpishi wa kantini anazo, na mlinzi amesikia mpaka amenikataza kumsimulia tena. Hata bosi, ambaye hajawahi kuniuliza kitu isipokuwa kama nimemaliza, alisimama karibu yangu akasema, "Nasikia dada yako anaendesha tipa." Nikasema ndiyo. "La nani?" Nikafungua mdomo niseme langu. Nikasema, "Lake." Akaondoka, nikabaki nimesimama pale na mwenge wa kukatia chuma umezimika mkononi, nimenyooka kama mtu asiye na ugonjwa wa mgongo.

Jana kiliingia kigari kidogo cha bluu, bampa limejikunja, taa moja inaning'inia. Kijana mgeni wa hapa, hajakaa hata mwezi, akapiga kelele, "Safu ya kina mama hiyo!" Akatuangalia tucheke. Mzee Cheche akamuuliza dereva wa gari la kuvuta, "Mwenyewe yuko wapi?" Akajibiwa, "Amepanda basi, amekwenda kazini. Amekasirika kweli." Mzee Cheche akavua kofia, na safari hii hakuinama dirishani kufanya mzaha. Akasema, "Amekwenda kazini. Natamani yadi nzima ingekuwa yao." Kisha akarudi nyuma kukata, nami nikamfuata.

Nimepewa likizo. Nakuja Desemba, umepita muda mrefu. Usimwambie mama tarehe mpaka nifike, ataanza kupika leo. Njoo unichukue kituoni na lori. Jenerali apande nyuma na mizigo yangu, amwambie kila anayepita ni nani anayeendesha. Binti yangu awe na honi yake. Akisogea kidogo tunatosha.

Kuhusu gia zako sitasema neno. Mimi kwenye gari la mtu huwa sifumbi macho, hata kwenye basi, nilishaona mengi. Lakini nimechoka, mdogo wangu, na njia ya kutoka kituoni mpaka nyumbani ni ndefu. Nitakaa kiti cha pembeni, na nitalala.

Kaka yako.